Mkono Nyuma, Macho Mbele

Mwanamke aliyekuwa amekaa juu ya kitanda changu sikuwahi kumwona maishani.

Nilikuwa natoka kuoga, taulo kichwani, ndala zinalia maji. Mlango wa chumba changu cha bweni niliufunga mwenyewe nilipotoka, au nilidhani niliufunga. Yeye alikuwa ametulia kama mtu aliyekaribishwa, mkoba mapajani, mwavuli umeegemea gotini. Nje jua lilikuwa linachoma, anga halina hata wingu la kuazima. Mpini wa mwavuli ule ulichongwa kichwa cha bata.

"Hodi nilipiga," alisema kabla sijauliza. "Kimya. Nikaona heri nikusubiri ndani. Wenzio huko koridoni wananitazama kama nimekuja kuiba soksi."

"Mama, hujakosea chumba?"

"Sijakosea. Wewe ni binti wa Mzee Kipaza. Pua ni yake, hata ukikana. Kaa, mwanangu."

Nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe kama mgeni.

Kwa anayeanza kunisoma leo, nimweleze nilikuwa nimekwama wapi. Baba yangu, ambaye watu humwita Mzee Kipaza kwa sababu hajawahi kuhitaji kipaza sauti, alikuwa anagombea ubunge. Aliyekalia kiti hicho ni mama mmoja aitwaye Bi Shwari, maana hata maji yakibeba nyumba za watu yeye husema mambo ni shwari. Nyumba hizi mbili zilikuwa hazisalimiani hata msibani. Nami, katika vijana wote wa chuo kile, nikampenda mwanawe.

Tulimwita Msumari, kwa ajili ya viatu vya misumari ambavyo alikuwa karibu alale navyo. Tulikuwa timu moja ya mbio za kupokezana vijiti, wavulana wawili na wasichana wawili. Yeye alikimbia wa tatu, mimi wa mwisho. Kila jioni mkono wake uliutafuta mkono wangu mbele ya kocha, na hakuna aliyeweza kutukemea.

Kisha baba akaanguka nyumbani, akazimia. Daktari akasema ni uchovu, apumzike. Sisi tuliokuwa ndani tukakubaliana kunyamaza. Mimi nilimwambia mtu mmoja tu, Msumari, kwa sababu moyo ulinijaa. Hata wiki haikuisha, Bi Shwari akapanda jukwaani kwenye mkutano wa hadhara na kuuliza, "Asiyeweza kusimama sebuleni kwake, atawasimamia nyinyi?" Umati ukacheka. Usingizi ukanihama.

Wapo wasomaji walioniandikia kwamba jibu la nani alitoa siri liko wazi kama mchana, ila mimi ndiye sitaki kuliona. Mmoja kasema shahada yangu ifungiwe karanga. Nimemsikia. Lakini mwacheni kwanza huyu mama wa mwavuli aseme.

"Mimi ni shangazi yake Msumari," alisema. "Baba yake ni kaka yangu. Akijua nimefika hapa, hatanisamehe mpaka nife. Lakini nina binti wa rika lako. Siwezi kukaa nikitazama mtoto wa mwenzangu anachezewa."

"Anachezewa na nani?"

"Na nani tena? Kijana alitumwa. Chuo kizima hiki kimejaa wasichana, macho yake yatue kwako tu? Hujawahi kujiuliza?"

Nilikuwa nimejiuliza. Nilikuwa nimejiuliza nikichana nywele, nikifunga kamba za viatu, nikiwa katikati ya mtihani. Ndiyo maana swali lile liliniingia kama mwiba unaorudi kwenye tundu lake la zamani.

"Maneno tu hayo, mama. Huna ushahidi."

Alisogea karibu. "Baba yako alikuwa anajaribu shati jipya la kampeni, lile lenye picha yake kifuani. Likamkwama kichwani. Mikono haijatoka, kichwa hakijatoka, akayumba, akaenda chini amefunikwa na sura yake mwenyewe. Sasa niambie, hayo ningeyajua vipi kama hukumwambia yule kijana?"

Ilikuwa hivyo hivyo. Hata shati lilikuwa hilo hilo.

"Leo jioni mna fainali," aliendelea, sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto anywe dawa. "Mwambie kocha tumbo linauma. Usiwape picha wanayoitaka. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu."

Akanigusa shavu, akachukua mwavuli wake, akaondoka. Marashi yake yalibaki chumbani yakinisengenya.

Nilikwenda uwanjani na hasira iliyokuwa inatembea mbele yangu.

Msumari alikuwa peke yake kwenye kona ya mwisho ya njia ya kukimbilia, anapima kwa nyayo, kisigino kikigusa kidole, midomo ikihesabu. Mkononi alikuwa na kipande cha utepe mweupe.

Utepe ule lazima niueleze, la sivyo mtaniona mwendawazimu kwa nilichofanya baadaye. Katika mbio hizi anayepokea kijiti husimama mbele, amegeuza shingo, macho kwenye utepe uliobandikwa chini. Mguu wa mwenzake ukigusa utepe tu, yeye huondoka kwa nguvu zote na hatazami nyuma tena. Akisikia neno "shika", hurudisha mkono nyuma, na kijiti kinamkuta. Akigeuka kutazama, mwendo unavunjika, na mwendo ukivunjika mbio zimekwisha.

Utepe ukibandikwa karibu, kijiti hufika salama lakini mnapeana polepole. Ukibandikwa mbali, mnapeana wote mkiwa kwenye kasi, au hampeani kabisa, kwa sababu mpokeaji ameshatoka nje ya eneo linaloruhusiwa kupokezana kabla hajafikiwa.

Tangu Bi Shwari aseme yale maneno, mimi nilikuwa nimeanza kugeuka. Sikukusudia. Shingo ilijigeuza yenyewe. Kocha aliona, akausogeza utepe karibu huku akinung'unika, "Mnapeana kijiti kama mnapeana mtoto mchanga."

Siku ile ya fainali nilimkuta anaupimia utepe mahali pa mbali, pale pale ulipokuwa zamani.

"Unasogeza utepe," nikasema.

"Naurudisha nyumbani kwake."

"Kocha anajua?"

"Kocha atajua tukishinda."

"Na tukishindwa?"

"Hapo atanijua mimi." Akatabasamu, kisha akauona uso wangu, tabasamu likamfia. "Kuna nini?"

"Shangazi yako amekuja chumbani kwangu."

"Shangazi yangu yupi?"

"Kwani unao wangapi?"

"Sina hata mmoja. Baba alizaliwa peke yake. Kila siku analalamika hakupata ndugu wa kugombana naye, ndiyo maana akaoa mwanasiasa."

Siku nyingine ningecheka. "Ulimwambia mama yako habari ya shati?"

"Shati gani?"

Nilimtazama machoni kama mtu anayekagua kiatu kabla ya kuingiza mguu. Alikuwa amekunja paji la uso, ananisubiri nieleze. Na hapo, nikiwa bado nimesimama na hasira yangu mkononi, nikakumbuka.

Habari ya shati sikumwambia. Nilimwambia baba ameanguka sebuleni, amezimia, basi. Lile la shati nililificha makusudi, kwa sababu ni jambo la kuchekesha, na sikutaka mtu yeyote amcheke baba yangu, hata kimoyomoyo, hata mtu ninayempenda.

Waliojua habari ya shati walikuwa mama, mimi, na kaka yangu, ambaye ndiye aliyemvua baba lile shati akiwa sakafuni.

Ningetaka kuwaambia kwamba mashaka yaliniondoka palepale. Hayakuondoka. Uongo wa yule mama haukumfanya Msumari kuwa mkweli. Kuna mtu alimwambia Bi Shwari, na nilichomwambia Msumari kilikuwa kinatosha kabisa kwa yale maneno ya mkutanoni.

"Kwa hiyo hukumwambia mama yako chochote?"

"Sikumwambia."

"Apa."

"Siapi. Nimeshaona watu wengi mno wakiapa sebuleni kwetu."

Akainama, akabandika utepe, akaukanyaga kwa kisigino mpaka ukashika. Alipoinuka hakunisogelea. "Sikuombi uniamini kwa yote," alisema. "Hayo mengine tutayazungumza mpaka tuchoke. Niamini kuanzia kwenye huu utepe mpaka kwenye kiganja chako. Usikie nini, uhisi nini, usigeuke."

"Na usiponifikia?"

"Nitakufikia."

Hakuomba kitu kikubwa. Wapo wanaume wanaoomba maisha yako yote kabla hamjamaliza chai.

"Sitageuka," nikamwambia.

Kaka alinikuta langoni mwa uwanja nikirudi chumbani kubadilisha nguo. Au niseme gari lake lilinikuta, maana siku hizo alikuwa hatembei, anaendeshwa. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kampeni ya baba. Mashati yake yalikuwa yananyooshwa mpaka kola inaweza kukata mkate. Alibeba simu mbili, yake na ya baba, kwa sababu daktari alisema mzee apumzike.

"Mdogo wangu," alisema akiteremsha kioo. "Mzee yuko jukwaani. Anataka ukakae naye."

"Nina fainali, kaka."

"Ndiyo maana. Unawaona wale wenye kamera kule kwenye kona yako? Unadhani wamekuja kupiga picha nyasi? Kesho utakuwa ukurasa wa kwanza. Binti wa Kipaza amnyooshea mkono mwana wa Bi Shwari. Watu wetu watatuelewaje?"

"Ni kijiti tu."

"Kwenye siasa hakuna kijiti tu."

"Baba amesema nini hasa?"

Kutoka kiti cha abiria alinyoosha mkono, akapangusa usukani ambao haukuwa na vumbi. Dereva alikuwa amekwenda kununua maji. "Amesema ukipokea kitu kutoka mkono wa yule, usirudi nyumbani."

Baba yangu hupiga kelele kwa kila jambo, hata chumvi ikipungua, lakini hajawahi kumfungia mtoto mlango. "Nataka nimsikie mwenyewe. Nipe simu yake nimpigie mtu aliye karibu naye."

Aliitoa simu ya baba mfuko huu akaitia mfuko ule. "Anapumzika."

"Yuko jukwaani au anapumzika?"

"Anapumzika jukwaani."

Niliinama ili nimwone vizuri, na hapo macho yangu yakapita bega lake mpaka kiti cha nyuma. Mwavuli ulikuwa umelala pale. Kichwa cha bata kilikuwa kinanitazama.

"Mwavuli ule ni wa nani?"

"Wa wifi yako."

"Wifi ana mwavuli wa bata?"

"Kila mtu ana mwavuli, wewe. Tangu lini umekuwa askari?"

Nilikuwa nimesikia, wiki ile baba alipoanguka, minong'ono ya watu wa chama waliokuja kumjulia baba hali. Walikuwa wanaambiana kwenye ngazi kwamba mzee akishindwa, kijana yupo. Jina la ukoo ni lilelile, hata mabango hayatachapwa upya. Nilidhani ni mzaha. Huyu ndiye kaka aliyenibeba mabegani kwenda shule siku za matope, mimi nikishika masikio yake kama usukani. Sikutaka kuliwaza nililokuwa naliwaza.

"Kaka, si wewe uliyemvua baba lile shati?"

"Shati gani?"

Maneno yaleyale ya Msumari. Lakini Msumari aliniuliza akinitazama, na kaka aliniuliza akitazama saa.

"Niende," nikasema. "Mwambie baba nitamwona nikimaliza."

"Ukienda, umeamua."

Kioo kilipanda taratibu, kikamfunika kidevu, kikamfunika mdomo.

Uwanja ulikuwa umejaa. Wafuasi wa baba walikaa upande mmoja wa jukwaa, wa Bi Shwari upande wa pili, katikati wameacha viti vitupu kama mpaka. Hakuna aliyekuwa ametangaza kwamba mbio za wanafunzi ni mkutano wa kampeni, lakini kila mtu alikuja amevaa rangi yake.

Kutoka kwenye kona yangu nilimwona baba. Safu ya mbele kabisa, karibu na mstari wa kumalizia, kofia yake kichwani. Tangu nikiwa mtoto mdogo, kila nikisimama kukimbia, baba huvua kofia ile na kuiinua juu. Hutamsikia akisema bahati njema. Huinua kofia, basi, nami hujua.

Nilimtazama. Akavua kofia. Akaiinua mpaka usawa wa paji la uso, ikakaa hapo.

Jua lilikuwa linampiga usoni. Sikujua kama ananisalimia au anajikinga.

Wenye kamera walikuwa wamepiga magoti kwenye nyasi mkabala na eneo letu. Mmoja aliniambia, "Dada, ukimpokea, tazama huku kidogo." Nikamwambia nikitazama huko tumeshindwa. Akasema picha itakuwa nzuri hata tukishindwa.

Mlio wa kuanza ukapigwa.

Mkimbiaji wetu wa kwanza alitoka vibaya. Wa pili, msichana mfupi tunayemwita Cherehani kwa jinsi miguu yake inavyokwenda, akashona pengo lote mpaka tukawa sawa na walioongoza. Kijiti kikaingia mkononi mwa Msumari, naye akaanza kuikunja ile kona akija kwangu.

Nilikuwa nimegeuza shingo, macho kwenye utepe. Ulionekana mbali mno. Wazo likanijia kwamba ukitaka kumwaibisha mtu mbele ya baba yake na kamera zote hizi, hufanyi zaidi ya kusogeza utepe. Yeye anaondoka mapema, anakimbia amenyoosha mkono mtupu, anafika mwisho wa eneo hajapewa kitu. Kesho picha ni ya binti wa Kipaza akiomba hewa.

Nikaona uso wa Msumari. Nikaona mguu wake.

Mguu ukagusa utepe, nami nikaondoka.

Hapo ndipo niliposikia sauti ya kaka nyuma yangu, kwenye uzio wa kona.

"Baba ameanguka. Geuka. Baba ameanguka."

Mtu aliyenidanganya mchana anaweza kunidanganya jioni. Hilo nililijua. Nilijua pia kwamba sauti ile ilikuwa imepasuka katikati, na mara ya mwisho kuisikia ikipasuka hivyo kaka alikuwa amepiga magoti sebuleni, anavuta shati.

Shingo ilitaka kugeuka. Kila mshipa wake ulitaka. Na mbele yangu, wafuasi wa rangi zote mbili walikuwa wamesimama wakipiga kelele, baba haonekani nyuma ya mikono ya watu.

Sikugeuka.

"Shika," Msumari alisema.

Nikarudisha mkono. Hewa. Nikaona mstari wa mwisho wa eneo letu unakuja chini ya miguu yangu. Hewa bado. Nikaendelea kukimbia kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, mkono umenyooshwa nyuma, kiganja wazi, kama mpumbavu au kama mtu aliyetoa neno lake.

Kijiti kikanigonga kiganjani, cha moto, kimelowa jasho lake. Nikakibana vidole.

Zilizofuata zilikuwa mbio zangu bora maishani, na sizikumbuki. Nakumbuka jukwaa tu, likinijia. Watu wa jukwaani hutazama mbio, ndiyo kazi iliyowaleta. Lakini watu wa safu ya mbele, karibu na mstari wa kumalizia, walikuwa wamezipa mbio mgongo. Walikuwa wamefanya duara, wameinama. Katikati ya duara mwavuli ulikuwa umefunguliwa, umeshushwa chini kabisa, unamkinga mtu jua.

Nikavuka mstari. Sikujua tumekuwa wa ngapi, na sikuuliza.

Kiti cha baba kilikuwa kitupu. Kofia yake ilikuwa juu ya kiti. Baba haachi kofia ile hata kanisani kwa watu.

Mkono ulioshika mwavuli ulikuwa wa mwanamke, na kati ya vidole vyake nikaona mdomo wa bata. Aliinua uso, tukatazamana. Hakuonekana kushtuka kuniona. Alionekana kama mtu aliyekuwa ananisubiri, vilevile kama asubuhi.

Nyuma yangu misumari ya viatu ilikuwa inakuja ikikwaruza njia. Msumari alinishika bega, anahema, uso wote furaha. Yeye alikuwa anakimbia, hakusikia kitu uziani. Kamera zilikuwa zinalia kama panzi pande zote mbili zetu.

"Hukugeuka," aliniambia.

Kijiti kilikuwa bado mkononi mwangu. Macho yangu yalikuwa kwenye kofia.

"Sikugeuka," nikamjibu.